Kitabu kinatoka na bon, kinarudi na bon

Kila mwaka, wakati wafinalisti wanapomaliza kutetea mémoire yao, kuko neno moja linaingia katika nyumba nyingi za Kolwezi: quitus. Mzazi amekwisha kulipa minervali. Amelipa silabusi, amelipa taxi-moto ya kutoka Kapata ao Luilu miaka yote ile, amenunua na viatu vya siku ya kutetea. Kiisha mtoto anarudi nyumbani, anasema: «Papa, banakatala kunipatia karatasi. Banasema niko na deni ku biblio.» Deni gani? Kitabu kimoja, kilichotoka miaka miwili mbele. Mwenzake alikiomba kwa siku moja tu. Na huyo mwenzake leo yuko Fungurume, anatafuta kazi, na telefone yake haiiti.

Mambo ya namna hii ndiyo yanatusukuma, sisi wa ukurasa huu wa Kiswahili, kuandika juu ya sheria za maktaba ya chuo kikuu. Tunajua wengi watauliza: hiyo inatuhusu nini sisi batu ba mine? Inatuhusu. Feza inayolipa masomo inatoka katika karyeri, katika usine na katika mashimo, na mtu anayelipa anapaswa kujua anachokilipia. Tena, mtu wa mine anazijua sheria hizi tayari, hata kama hajakanyaga maktaba siku moja. Ni sheria za magasin.

Magasin ya vyombo, magasin ya vitabu

Mtu aliyefanya kazi Gécamines, ao anayefanya leo katika kampuni yoyote ya hapa kwetu, anajua namna chombo kinavyotoka magasin. Huingii kujichukulia. Unaonyesha baji yako, magasinier anaandika, unatia sahihi kwenye bon de sortie. Chombo kikirudi, anafuta jina lako. Na siku unaacha kazi, mbele ya kupewa décompte final, wanatazama kama vitu vyote vimerudi: kofia, taa, vyombo. Kikikosa kimoja, maneno yanaanza.

Maktaba inafanya vilevile. Baji ni carte ya msomaji. Bon ni fishi ya kuazima. Magasinier ni mtunza maktaba. Na décompte final ni quitus, ile karatasi inayosema: huyu mwanafunzi amerudisha vyote, hana deni. Bila ile karatasi, biro nyingine za chuo zinakawia kumpa karatasi zake za mwisho. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu, mwanafunzi akisha pata diplome yake, hakuna tena kamba ya kumvuta arudishe kitabu.

Lakini kuko tofauti moja kubwa. Clé ao pelle ikipotea, kampuni inanunua ingine. Kitabu cha jiolojia ya Katanga kilichochapwa Bruxelles zaidi ya miaka 60 iliyopita, hakiuzwi tena. Kikipotea, kimepotea kwa wanafunzi wote watakaokuja nyuma, na pamoja nao mtoto wako wa mwisho ambaye leo anasoma shule ya msingi.

Kuingia

Hapa Kolwezi tuko na Université de Kolwezi, ambayo ilianza kama tawi la Université de Lubumbashi mbele ya kusimama peke yake. Kuko na vyuo vingine pia. Kila maktaba iko na règlement d'ordre intérieur yake. Hesabu ya siku, ya vitabu na ya feza inaachana fasi na fasi. Lakini mifupa ya sheria ni ileile, uende Kolwezi, Lubumbashi ao Dar es Salaam.

Sheria ya kwanza ni kujiandikisha. Carte d'étudiant ya mwaka huu, wala si ya mwaka uliopita, ndiyo inafungua mlango. Fasi nyingine wanaomba picha ndogo na feza kidogo ya rehani, ile banaita caution. Mzazi akumbuke neno hili: caution haiko malipo. Ni feza inayolala pale kama dhamana, na mtoto akimaliza bila deni anapaswa kuiuliza. Kwa hiyo mwambie achunge reçu. Reçu ikipotea, na caution imelala usingizi wa milele.

Sheria ya pili ni ya begi. Begi linabaki mlangoni. Wanafunzi wengine wanakasirika, wanasema wanawahesabu kama wezi. Mtu wa mine hatashangaa: kila jioni kwenye barrière ya kampuni wanakupekua, iwe mkubwa ao mdogo, kiisha unaenda zako nyumbani. Sheria inayogusa watu wote haimtukani mtu.

Sheria ya tatu: hakuna kula, hakuna kunywa. Makombo ya mkate yanaita panya na mende, na panya hachagui kati ya mkate na karatasi. Juu ya ile, sisi wa Kolwezi tuko na adui wawili zaidi. Mmoja ni mchwa. Wa pili ni vumbi yetu nyekundu ya wakati wa kiangazi, inayoingia hata katika sanduku lililofungwa. Mikono michafu inaacha alama kwenye kurasa, na alama ile haitoki.

Sheria ya ine ni kimya. Simu inazimwa ao inawekwa bila sauti. Kuko nyumba nyingi huku kwetu, Manika kama Dilala, ambamo watu nane wanalala katika vyumba viwili, na courant inakatika wakati wowote. Kwa mwanafunzi anayetoka nyumba ya namna ile, meza ya maktaba ndiyo fasi moja tu ya kusoma saa mbili bila mtu kumwita. Anayepiga kelele pale anamwibia kitu ambacho hawezi kukipata kwao.

Kutoka na kitabu

Hapa ndipo matatizo mengi yanazaliwa. Maktaba inaazimisha vitabu vichache kwa wakati mmoja, kwa siku zinazohesabika. Tarehe ya kurudisha inaandikwa kwenye fishi, mara nyingi hata ndani ya jalada la kitabu. Tarehe ile haikuwekwa kwa kusumbua watu. Tuchukue mfano: darasa la wanafunzi 200, na kitabu kimoja ambacho mwalimu ameomba wote wasome. Mwanafunzi mmoja akikaa nacho mwezi mzima chini ya kitanda, wengine 199 wanabaki na uvumi wa kitabu.

Mwanafunzi ambaye hajamaliza kusoma anaweza kurudi mbele ya tarehe na kuomba siku za kuongeza. Kama hakuna mwingine anayekingojea, mara nyingi wanamkubalia. Lakini aende mbele ya tarehe. Nyuma ya tarehe, neno linageuka, inakuwa faini. Faini nyingi ni ndogo kwa siku moja. Kinachoumiza ni hesabu ya siku. Na wengine, wakisha kuona faini imepanda, wanaogopa kurudi. Kwa hiyo inaendelea kupanda. Ni kama mtu aliyekopa kwa muuza duka, kiisha anapita njia ya nyuma kila siku. Afadhali kurudi na aibu kuliko kutorudi.

Kitabu kikipotea ao kikichanika, sheria ya kawaida ni moja: unaleta kingine cha namna ile, ao unalipa bei yake. Mwanafunzi mwenye akili anaenda kusema siku ileile. Yule anayenyamaza hadi mwaka wa mwisho, anakuta bei ya kitabu, pamoja na faini, pamoja na haraka ya kupata karatasi, vyote vinamwangukia wiki moja.

Na sheria kubwa kuliko zote, tuiandike wazi: jina lililo kwenye fishi ndilo linalojibu. Usimwazime mwenzako kitabu cha maktaba. Usimpe carte yako. Hata ndugu, hata mchumba. Magasinier hakuulizi nani alitumia pelle. Anauliza nani alitia sahihi. Wazazi, mwambieni mtoto: mwenzako akihitaji kitabu, nendeni wote wawili, wewe urudishe, yeye achukue kwa jina lake. Dakika kumi tu.

Vitabu visivyotoka

Kuko vitabu ambavyo hakuna mtu anaruhusiwa kuvipeleka nyumbani. Kamusi, encyclopédie, magazeti na majarida, ramani, na mémoires na thèses za wale waliotangulia. Unavisoma pale pale, unaandika, unaviacha.

Juu ya nini mémoires hazitoki? Kwa sababu kila moja iko na nakala chache sana, mara nyingine moja tu. Na ndani yake mumo mambo ambayo hayako katika kitabu kingine cha dunia: maji ya mto fulani, kazi ya wakina mama wanaosafisha madini, hesabu ya familia zilizohamishwa kwa sababu ya karyeri. Mwanafunzi wa Kolwezi aliandika, alitetea, aliacha nakala maktabani. Nakala ile ikiibiwa, mambo yale yanakufa mara ya pili.

Hapa tuseme pia juu ya ile tabia ya kunakili mémoire ya mtu neno kwa neno, ao kulipa mtu aandike mahali pako. Ni wizi, na chuo kikigundua kinaweza kukataa kazi nzima. Mzazi anayetoa feza «ya memwari» bila kuuliza inalipia nini, ajue inaweza kuwa feza ya kumpoteza mtoto.

Namba 622

Wengi wanaingia maktaba, wanaona vitabu elfu na elfu, wanaogopa, wanatoka. Lakini vitabu vimepangwa kwa namba, kama mashimo na galeries zilivyo na namba zao. Namba zile zilitoka kwa Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876. Aligawanya elimu yote ya dunia katika mafungu kumi, na kila fungu katika kumi ingine. Kuanzia mwaka 1895, kule Bruxelles, Paul Otlet na Henri La Fontaine walichukua mpango ule, wakaupanua. Ndiyo CDU, ambayo utaikuta katika maktaba nyingi zilizolelewa na Wabeleji na Wafaransa. Huyu La Fontaine alipata hata zawadi ya Nobel ya amani, mwaka 1913.

Kwa mtu wa mine, namba za kujua si nyingi. Katika mipango yote miwili, 622 ni uchimbaji wa madini. 669 ni métallurgie, kusema kuyeyusha na kusafisha shaba na wenzake. 55 na zinazofuata ni jiolojia, na 553 ni madini yalivyolala ndani ya udongo. 331 ni kazi na wafanyakazi. 34 ni sheria. 61 ni dawa na magonjwa. Mwambie mtoto anayesoma Polytechnique: «Enda ku 622, utuambie unakuta nini.» Tunadhani baba aliyefanya miaka ishirini chini ya udongo ataongea na mtoto wake siku ile mambo ambayo hawajaongea bado.

Na sheria inayofuata pale: kitabu ulichotoa kwenye étagère, usikirudishe wewe mwenyewe kama hujui fasi yake. Kiache juu ya meza. Kitabu kilichorudishwa fasi mbaya ni kama kimepotea, kwani kila mtu atakitafuta kwenye namba yake, hatakiona.

Fotokopi

Nje ya kila chuo kuko masini ya fotokopi, na kijana anayeita wateja. Lakini kitabu kizima hakipigwi fotokopi bila kuuliza. Katika nchi yetu, kazi ya mwandishi inalindwa na Ordonnance-loi n° 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kwa hiyo maktaba nyingi zinakubali kurasa kadhaa, sura moja, si kitabu kutoka jalada hadi jalada. Na kuchana ukurasa kwa sababu huna feza ya fotokopi, hiyo ni mbaya kuliko zote. Franga chache ulizookoa zimeua kitabu. Telefone nyingi za leo ziko na picha. Omba ruhusa, piga ukurasa unaouhitaji.

Kuko tena mlango wa intaneti. Tangu mwaka 2002, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wakubwa waliweka mpango unaoitwa leo Research4Life. Unafungua majarida na vitabu vya dawa, kilimo, mazingira, ufundi na sheria kwa nchi zisizo na uwezo, na Kongo iko katika kundi la nchi zinazoingia bure. Lakini haumfungulii mtu mmoja mmoja. Chuo ndicho kinajiandikisha, na neno la siri linapitia kwa maktaba. Basi mwanafunzi aende kwa mtunza maktaba, aulize: «Tuko na Research4Life?» Kama ndiyo, ajifunze kuitumia. Kama hapana, wanafunzi waombe chuo kijiandikishe. Mwanafunzi asimpe mtu wa nje neno lile la siri. Likitumiwa vibaya, mlango unafungwa kwa chuo chote.

Kile kilichoandikwa juu ya Kasulo

Mzazi wa Kasulo anaweza kusema: hayo yote ni ya wanafunzi. Basi tumwambie jambo moja. Mwaka 2018, wachunguzi wa Université de Lubumbashi, na kati yao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubeleji, walichapisha uchunguzi juu ya Kasulo katika jarida Nature Sustainability. Walipima vumbi katika nyumba. Walipima damu na mkojo wa watu. Walikuta kobalti nyingi katika miili ya wale wanaoishi kati ya mashimo, na watoto ndio walikuwa nayo nyingi zaidi.

Uchunguzi ule unahusu miili ya watu wa hapa. Lakini umeandikwa Kiingereza, na wenye kuusoma sana wako mbali. Mtu wa Kasulo ambaye mtoto wake ni mwanafunzi iko na njia ya kuufikia: mtoto anaingia maktaba, anauliza mtunza maktaba, anausoma, anarudi kueleza Papa na Mama kwa Kiswahili. Ile siku, minervali imeanza kurudisha faida mbele hata ya diplome.

Ni vilevile kwa sheria za kazi. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa mwaka 2016. Loi ya sous-traitance ya tarehe 8 Februari 2017, inayogusa maelfu ya watu wanaofanya kazi chini ya kampuni ndogo. Code minier ya tarehe 11 Julai 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Wengi wanabishana juu ya sheria hizi kwenye nganda, na kila mmoja iko na «artikle» yake aliyosikia kwa mwenzake. Maktaba ya chuo chenye faculté de droit ndiyo fasi ya kuzitafuta, zimeandikwa, ukurasa kwa ukurasa.

Mlango ni wa nani?

Zamani za Wabeleji, swali hili lilikuwa na jibu la rangi. Vitabu vya Wazungu vilikuwa fasi yao, na vya wale walioitwa «indigènes» fasi ingine. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956, miaka ine tu mbele ya uhuru. Mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa Université Nationale du Zaïre, na mwaka 1981 Lubumbashi ikapata tena chuo chake. Wazee wanakumbuka kwamba kusoma katika camps za wafanyakazi kulipitia zaidi kwa kampuni: Union Minière ilianzisha jarida Mwana Shaba mwaka 1957, na nyuma Gécamines ikaliendeleza.

Lakini watu wa kawaida hawakungoja kupewa ruhusa ya kuandika. Mwaka 1965, André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, kile cha mjini, hakuna kupamba. Aliiita Vocabulaire ya mji ule. Ilipigwa masini, ikagawanywa. Mwaka 1990 mwanachuoni Johannes Fabian na wenzake waliichapisha Ulaya, na leo iko katika maktaba za vyuo vikubwa vya dunia. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alifundisha Lubumbashi, kiisha Marekani, akafa mwaka 2025. Vitabu vyake mwenyewe alivitoa kwa Université de Lubumbashi. Mtumishi wa nyumbani na profesa, wote wawili kazi yao iko kwenye étagère.

Leo hakuna tena sheria ya rangi. Maktaba nyingi za vyuo zinakubali msomaji wa nje: mwalimu, mfanyakazi, mtafiti. Anasoma pale pale, mara nyingi hapeleki kitabu nyumbani, na anaweza kuombwa carte ya muda, barua ya kazini ao malipo kidogo. Mtu wa mine aende, avae nguo safi, achukue carte d'électeur yake, aulize kwa heshima: «Bwana, ao Mama, mutu wa inje anaweza kusoma humu? Banafanya je?» Kuuliza haikatwi kwenye mshahara.

Sheria iandikwe, reçu itolewe

Tumesema wajibu wa msomaji. Tuseme na wajibu wa maktaba. Sheria isiyobandikwa mlangoni haiwezi kumhukumu mtu. Saa za kufungua ziandikwe, na ziheshimiwe. Mwanafunzi aliyelipa moto kutoka mbali asikute kufuli saa ine asubuhi bila neno. Faini iwe na bei inayojulikana, na kila franga inayolipwa itoke na reçu. Faini bila reçu haiko tena faini; ni matabishi. Quitus pia isigeuke kuwa duka: kama mtu hana deni, anapewa. Mzazi iko na haki ya kuomba kuona ukurasa wa règlement unaosema bei, mbele ya kufungua mfuko wake.

Na watunza maktaba nao wanafanya kazi ngumu, mara nyingi na vitabu vizee na feza kidogo. Hapa tunafika kwa jambo la mwisho, lenye kuhusu watu wa mine zaidi kuliko wote.

Feza iko katika sheria

Code minier ya 2018 inasema redevance ya madini inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa mia kwa province, 15 kwa mia kwa entité ya karibu na mine, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya ile, kila kampuni inayochimba inapaswa kuweka kando, kwa uchache, 0,3 kwa mia ya chiffre d'affaires yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji, na wawakilishi wa wenyeji wanakaa katika meza inayoamua. Kuko pia cahier des charges, ambamo kampuni na wenyeji wanaandika kitakachojengwa.

Katika meza zile, watu wanaomba barabara, visima, hospitali, shule. Vyote ni vya lazima. Lakini nani ameomba vitabu? Shule inajengwa, rangi inang'aa, siku ya kukata riboni picha zinapigwa, na ndani hamna hata étagère moja. Kule Dar es Salaam, maktaba mpya ya chuo kikuu iliyofunguliwa mwezi wa 11 mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilitengenezwa kwa kuweka vitabu 800,000. Hatuombi ile ya kufanana nayo kesho. Tunasema tu: mwakilishi wa kijiji ao wa quartier anayekwenda katika mkutano wa cahier des charges aweke mstari mmoja, chumba cha kusomea chenye vitabu, chenye courant ya jua, na mtu anayelipwa wa kukichunga. Bila mtu wa kukichunga, vitabu vinaisha miaka miwili.

Ya kufanya juma hili

Kwa mzazi aliye na mtoto chuoni, mambo manne. Muulize kama iko na kitabu chochote cha maktaba nyumbani. Mtafute pamoja, chini ya kitanda, kwa shangazi, kwa rafiki. Muulize reçu ya caution iko wapi, muiweke pamoja na karatasi za nyumba. Kama iko mwaka wa mwisho, aende maktaba sasa, asingoje siku ya kuomba quitus, aulize jina lake linasema nini kwenye fishi. Na akute règlement, apige picha na telefone, muisome wote mezani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Kama kitabu kimepotea kweli, aende aseme. Bei ya leo ni ndogo kuliko bei ya mwaka ujao.